Risasi na kinanda cha umeme: Muziki wa ‘Nairobi Half Life’ wagawanya watazamaji Banissa

Kiswahili bado hakijakubaliana juu ya jina la ule muziki usio wimbo, ambao hupita chinichini filamu inapoendelea. Tunasema ‘muziki wa filamu’, lakini mwenye kusikia hivyo mara nyingi hufikiria nyimbo, hasa ikiwa alilelewa na picha za Kihindi ambamo staringi hawezi kumpenda binti bila kuimba mlimani. Wapo wanaosema ‘muziki wa nyuma’, wapo wanaosema ‘mandhari ya sauti’, na vijana wenyewe wamekata shauri: ni ‘ile biti’. Nimeanza na jina kwa sababu nilikaa saa mbili nzima nikisikiliza watu wazima wakibishana juu ya kitu hiki, kila mmoja akikiita vingine, na kumbe hawakuwa wakibishania jambo moja.

Ubishi wenyewe ulitokea Banissa, katika Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Ethiopia. Huko filamu haifiki kupitia ukumbi wa sinema. Hufika ndani ya flashi na memori kadi, baada ya safari ndefu ya vumbi, na hupokewa na kijana mwenye duka la kuchaji simu ambaye kwa malipo kidogo atakujazia kadi yako unachotaka. Lugha za nyumbani ni Kisomali, Kigare na Kiborana. Kiswahili ni cha shule, cha ofisi ya chifu na cha walimu waliotoka ‘Kenya’, maana hivyo ndivyo watu wa kaskazini bado wanavyoita sehemu nyingine ya nchi yao wenyewe, nusu kwa mzaha na nusu kwa machungu.

Filamu iliyoleta ubishi si mpya. ‘Nairobi Half Life’ ya mwelekezi David ‘Tosh’ Gitonga ilianza kuonyeshwa nchini Septemba 2012. Ndiyo filamu ya kwanza ambayo Kenya iliwahi kuipeleka kuwania Oscar katika kitengo cha lugha za kigeni, na Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, alitawazwa mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban mwaka huo huo. Waliokwisha kuitazama wanaijua hadithi. Mwas anauza filamu za mapigano kijijini, DVD za magendo, na ili ziuzike anawaigizia wateja vipande vyake hadharani. Anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaporwa siku ya kwanza, anatupwa seli, humo anakutana na Oti (marehemu Olwenya Maina), na kabla hajajua anafanya nini yumo katika genge linaloiba vipuri vya magari, kisha magari yenyewe. Mchana anafanya mazoezi ya mchezo wa jukwaani. Usiku anaishi mchezo mwingine.

Muziki wa filamu hiyo ulitungwa na Xaver von Treyer, Mjerumani aliyejulikana kwanza kwa muziki wa dansi wa kielektroniki. Ni muziki wa mapigo: besi inayodunda chini kwa chini, sauti za kinanda cha umeme, mwendo unaoisukuma picha mbele. Na hapo ndipo watazamaji wa Banissa walipotengana.

Wa kwanza kulalamika alikuwa mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Kakamega. Kwake yeye filamu ni nzuri, waigizaji hawana makosa, ila muziki umewaacha mkono. Nairobi ina sauti zake, alisema: makanga wanaogonga mabati ya matatu, benga kwenye baa za mtaa wa River Road, adhana ya Jamia, wahubiri wa mchana. Mbona basi wizi wa Nairobi upigiwe ngoma ya Berlin? Mtu akifumba macho, alidai, hatajua kama yuko Kirinyaga Road au Ulaya. Nilimwuliza angependelea nini badala yake. Akafikiri kidogo, akasema hata isukuti ingefaa. Jamani! Nampenda mwalimu yule, lakini kuvunja taa za gari la watu kwa isukuti ni jambo ambalo hata Waluhya wenyewe wangelicheka.

Wa pili alikuwa huyo huyo mwenye duka la simu, na yeye hakuelewa mwalimu analia nini. Kwake muziki ndio uliomfanya aifuate filamu mpaka mwisho. Kiswahili chake ni kizuri, alisoma mpaka kidato cha nne, lakini Sheng ya Oti na wenzake ilimpita kama upepo. Kiswahili alichofundishwa hakina ‘mbogi’ wala ‘karau’. Tena mazungumzo mengine ni ya Kigikuyu. Alichofanya ni kuliachia sikio kazi ambayo lugha imeishindwa: biti ikikaza anajua kuna hatari, ikilegea anajua wamepona, ikikatika anajua mtu amefikiwa.

Hoja hii ya kijana ina uzito kuliko mwenyewe alivyodhani. Tumezoea kusema kwamba ‘Nairobi Half Life’ ni ushindi wa Kiswahili, na kweli ni ushindi, kwa sababu ilithibitisha kwamba filamu ya Kenya inaweza kujaza ukumbi bila kuzungumza Kiingereza cha kujikaza. Lakini ni ushindi wa Kiswahili kipi? Mkenya wa Banissa aliyepata alama nzuri katika KCSE anajikuta mgeni mbele ya filamu inayotajwa kuwa ya kitaifa, ya lugha ya taifa. Kinachompa kiti ni muziki wa Mjerumani. Hapo mwalimu alinyamaza kidogo, na mimi pia.

Tena hili la ‘ugeni’ wa kinanda cha umeme halisimami likipimwa kwa masikio ya Banissa. Ukiingia kwenye arusi ya Wasomali leo, Mandera au Eastleigh, mara nyingi utamkuta mwimbaji mmoja na mpiga kinanda mmoja, na katika kinanda hicho kimo kila kitu: ngoma, besi, filimbi, hata makofi. Zamani bendi za Mogadishu kama Iftin na Dur-Dur zilikuwa na wapiga gitaa na tarumbeta. Vita vilipozitawanya baada ya 1991, kinanda cha umeme ndicho kilichokuwa chepesi kubebwa uhamishoni. Kwa hiyo kijana yule amezaliwa na sauti ya umeme masikioni. Huwezi kumwambia kwamba isukuti ni yake kuliko hiyo.

Wala si Wasomali peke yao. Tuliosoma historia ya taarabu tunakumbuka magomvi ya miaka ya 1990, kinanda cha umeme kilipoingia na vikundi kama Tanzania One Theatre na East African Melody, fidla na ganuni vikasukumwa pembeni, na wenye kuipenda taarabu ya kale ya Ikhwani Safaa wakaona ustaarabu umekwisha. Neno lenyewe ‘kinanda’ limehama: mababu zetu wa Lamu walilitumia kwa chombo cha nyuzi, kisha likawa la kanisani, kisha la umeme. Na kule Dar es Salaam vijana wa uswahilini wamezaa singeli, muziki wa kompyuta wenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, ambao sasa Wazungu ndio wanaoufuata. Anayesema muziki wa kielektroniki si wa Mwafrika aende Manzese akaseme hivyo kwa sauti.

Hata hivyo malalamiko ya mwalimu yana punje moja ya haki ambayo sitaki ipotee. Filamu hii ilitokana na mradi wa One Fine Day Films wa Tom Tykwer na Marie Steinmann, wakishirikiana na kampuni ya Ginger Ink ya Nairobi. Mradi ulinuia kuwafunza Waafrika vijana kazi ya filamu, na matunda yake tunayaona: ‘Soul Boy’ ya Hawa Essuman, ‘Veve’ ya Simon Mukali inayohusu biashara ya miraa (ambayo, nikiruhusiwa kuchomeka, Banissa ingeielewa vyema kuliko Nairobi), ‘Kati Kati’ ya Mbithi Masya, ‘Supa Modo’ ya Likarion Wainaina. Wamepatikana waandishi, waelekezi, wapiga picha, waigizaji. Katika ‘Nairobi Half Life’, kiti cha mtunzi wa muziki bado kilikaliwa na mgeni. Mwalimu akiuliza kwa nini kiti hicho huwa miongoni mwa vya mwisho kuachiliwa, hapo namuunga mkono. Ila hilo ni swali la ajira na la imani, si la sauti. Mtunzi wa Kenya angeweza kuketi pale na akatumia kinanda kile kile cha umeme.

Sasa nije kwa mtazamaji wa tatu, maana ndiye aliyenisumbua. Ni mzee, askari wa akiba wa zamani, ambaye vijana humwita adeer na humpisha kiti. Alitazama karibu filamu yote kimya, akikunywa chai. Hakujali kama muziki ni wa Berlin au wa Garissa. Shida yake ilikuwa kwamba bunduki inapotoka, ngoma nayo inapiga, na yule kijana pembeni yake anatikisa mguu. Kwa maneno yake machache alieleza kwamba yeye amewahi kuisikia risasi ikilia usiku, na haikuwa na kitu cha kutikisia mguu.

Ni rahisi kumjibu mzee kwamba filamu ni filamu. Lakini Mandera si mahali pa kulisema jibu hilo haraka. Novemba 2014 watu 28 waliuawa baada ya kushushwa kwenye basi lililokuwa likielekea Nairobi, na walimu walikuwa miongoni mwao. Walimu wengi wa kutoka mbali hawakurudi tena baada ya hapo, na shule za kaskazini bado zinalipa. Aprili 2015 yakafuata mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148. Mlio wa bunduki huko ni msamiati wa kila siku, na kila mtu anao mfano wake. Kwa hiyo swali la mzee ni la uhakiki kabisa, hata kama hakulipa jina hilo: filamu inapotia mauaji mapambo ya sauti, inamwomba mtazamaji afurahie nini hasa?

Ili kulijibu inabidi tuufuate mtindo huu hadi ulikotoka. Tom Tykwer, mtayarishaji wa ‘Nairobi Half Life’, alijulikana duniani mwaka 1998 kwa filamu ya ‘Lola rennt’. Msichana wa Berlin mwenye nywele nyekundu ana dakika 20 kupata alama 100,000 za Ujerumani ili mpenzi wake asiuawe. Anakimbia. Muziki, alioutunga Tykwer mwenyewe pamoja na Johnny Klimek na Reinhold Heil, ni tekno inayokimbia naye, na karibu haipumziki. Wahakiki waligawanyika wakati ule pia: kuna walioona sinema mpya imezaliwa, na kuna walioona ni video ndefu ya muziki isiyo na moyo. Mimi ni wa kundi la kwanza, kwa sababu moja. Katika ‘Lola’ kifo hufutwa. Lola anapigwa risasi, anakataa, hadithi inaanza upya. Mpenzi wake anagongwa na gari, inaanza upya tena. Mapigo ya tekno yanafaa pale kwa kuwa nayo hayana mwisho: yanazunguka, yanarudi, kama mchezo wa kompyuta unaokupa maisha matatu.

Ukiuhamisha mtindo huo hadi Nairobi, kuna kitu kinavunjika. Oti hana maisha matatu. Polisi wanapoligeuka genge ambalo wamekuwa wakila nalo, wanaoanguka hawaamki, na hakuna mwelekezi atakayerudisha saa nyuma. Mapigo ni ya ukoo ule ule, lakini sheria ya kifo imebadilika. Mzee wa Banissa, bila kuiona ‘Lola’ hata siku moja, alikuwa ameweka kidole papo hapo.

Je, ina maana Gitonga na mtunzi wake walikosea? Nimeitazama filamu tena mara mbili tangu ubishi ule, na nasema hapana, japo si hapana ya moyo mweupe. Tukumbuke Mwas ni nani. Ni muuzaji wa filamu za mapigano. Kichwa chake kimejaa picha hizo. Hata anapoiba, anaiba kama mtu aliyekwisha kujiona kwenye kioo. Mapigo yale ni ya Mwas kabla ya kuwa ya Nairobi. Ndivyo anavyoyasikia maisha yake: yeye ni staringi, na staringi hafi. Kwa hiyo katika nusu ya kwanza, wizi wa vioo na taa za magari unapokuwa karibu mchezo wa watoto, muziki una haki ya kuchangamka, na sisi tuna haki ya kutikisa mguu, maana tunatongozwa kama alivyotongozwa yeye. Kadiri filamu inavyoelekea mwisho, mtongozo unaonekana ni wa bei gani. Nikifika kwenye mauaji, mapigo yale yale ya awali hunirudia akilini kwa haya. Nadhani hilo limekusudiwa.

Ninaposita ni katikati. Kuna dakika ambapo genge limekwisha kushika bunduki, hatari si mchezo tena, na bado picha inakatwa kwa mdundo na muziki unang’aa. Hapo sisikii kichwa cha Mwas. Nasikia watengenezaji wakiogopa kwamba tutachoka. Filamu ingeweza kunyamaza mapema zaidi. Ukimya nao ni ala, na katika sinema zetu hauna mpigaji.

Kwa kulinganisha, chukua ‘Watu Wote’ ya Katja Benrath, filamu fupi ya dakika 22 ya mwaka 2017, iliyoteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018. Inatokana na tukio la kweli la Desemba 2015, karibu na El Wak, abiria Waislamu wa basi la Mandera walipokataa kutengwa na wenzao Wakristo mbele ya washambuliaji. Nayo ni kazi ya Wajerumani wakishirikiana na Wakenya, nayo ina bunduki. Lakini haimpambi mwenye bunduki. Hofu imeachwa kwenye nyuso na katika mazungumzo ya Kiswahili na Kisomali. Nilipomtajia mzee filamu hiyo alisema amesikia habari zake, akauliza kama kijana anayo dukani. Kijana hakuwa nayo. Haina wateja, alisema, na nadhani alisema kweli.

Na kijana mwenyewe? Siku ile alifanya jambo ambalo linaharibu hoja zote tatu kwa pamoja. Sheng ilipowazidi wale waliokuwa nyuma, alisimama kando ya kompyuta akaanza kuwasimulia kwa Kisomali na Kiborana, kwa sauti ya juu, huku akipunguza muziki mapigo yalipogongana na maneno yake. Hilo si jambo la Banissa tu. DJ Afro amejipatia jina Kenya nzima kwa kuzisimulia filamu za mapigano kwa Kiswahili cha mtaani. Tanzania ilikuwa na Lufufu. Kampala wanaye VJ Jingo na wenzake wanaosimulia kwa Kiganda. Kazi yao ya kwanza huwa ni kuukalia muziki wa mtunzi. Mapigo ya kielektroniki yaliyogharimu studio nzima yanabaki mnong’ono chini ya sauti ya mtu mmoja mwenye maikrofoni, na mtu huyo ndiye anayeamua kifo kichekwe au kiliwe matanga. DJ Afro hukicheka. Kijana wa Banissa, pale wenzake Mwas walipouawa, hakucheka. Aliacha kusimulia, na kwa kuwa alikuwa amepunguza sauti na hakuirudisha, wale watu kumi na kidogo waliona midomo na moshi tu, hawakusikia biti wala risasi. Mwalimu alitaka kumkumbusha aongeze sauti. Mzee akamwashiria aache.

Kuhusu jina, napendekeza tuliache neno ‘muziki wa filamu’ libaki la nyimbo, kama umma ulivyokwisha kuamua, na huu mwingine tuuite ‘mapigo ya picha’. ‘Picha’ ni neno ambalo wazee wetu wanalitumia kwa filamu tangu enzi za magari ya sinema ya serikali, na ‘mapigo’ yanabeba ngoma, moyo na kipigo. Mwalimu wa Kakamega ameniandikia kwamba hakubaliani, kwamba neno la pili lina ukali usiofaa kwa filamu za mapenzi. Kijana wa duka anasema yeye ataendelea na ‘biti’, kwa kuwa ndiyo wateja wanayoiulizia. Wasomaji wenye pendekezo jingine waandike.